Muuguzi wa Gemu na Muuguzi wa Katuni

Tunaandika kutoka Chiwanda, kandokando ya Ziwa Nyasa. Mwezi huu tulikusudia kuendelea na mazungumzo yetu ya lishe ya mtoto anayeachishwa kunyonya, lakini jambo moja lililotokea nyumbani mwetu limetulazimu kuyaweka kando kidogo. Ni habari ya watoto na katuni. Tafadhali, mama, usifunue ukurasa unaofuata ukidhani ni mambo ya kitoto. Sisi pia tulidhani hivyo.

Mjomba wa watoto wetu alikuja likizo kutoka Songea. Akamletea kijana wetu wa miaka kumi kifaa kidogo cha mtumba cha kuchezea gemu, kile kinachoitwa Game Boy, na ndani yake gemu la Pokémon. Tangu siku hiyo betri za redio zikawa hazikai nyumbani, na kijana akawa haitiki mpaka aitwe mara tatu.

Jioni moja tulikuwa zamu zahanati. Baba yao alikuwa safarini Mbamba Bay, na shangazi yao alichelewa kurudi kutoka shambani. Kijana akabaki peke yake na mdogo wake wa kike, mwenye miaka mitatu. Tuliporudi tulimkuta binti amejikunja mkekani, mwili unawaka moto, midomo imekauka. Kaka yake alikuwa palepale ubavuni pake, kifaa mkononi.

"Mama, alisema anaumwa," akatuambia bila wasiwasi wowote. "Nikamwambia alale, atapona."

Tulimbeba binti usiku uleule tukarudi naye zahanati. Kipimo kilionyesha malaria. Tunamshukuru Mungu, dawa ilifanya kazi, na siku ya tatu alikuwa anakimbiza kuku uani. Kijana hatukumchapa. Lakini lile neno lake, "alale, atapona," halikututoka moyoni. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tunajua usiku mmoja wa kungoja unaweza kumfanya nini mtoto mwenye homa.

Swali la njiani

Hazikupita wiki mbili, jirani yetu mwenye televisheni akaletewa flashi yenye katuni za Pokémon, zile za mwanzo kabisa. Watoto wa mtaa wakajaa sebuleni kwake. Mama mmoja katika kikundi chetu cha kanisani alikuwa ameshatuonya kwamba Pokémon ni mapepo, na kwamba hata jina lenyewe maana yake ni mazimwi. Basi tukaona afadhali twende tukajionee kwa macho yetu. Tukaketi nyuma ya watoto na ungo wetu wa mchele.

Hadithi inaanza na mvulana wa miaka kumi aitwaye Ash. Wajapani wao humwita Satoshi. Siku ya kupewa mnyama wake wa kwanza anachelewa kuamka, na wale watatu waliokuwa wa kuchagua wamekwisha kuchukuliwa. Anapewa aliyebaki, Pikachu, kinyama cha manjano chenye umeme mwilini, tena kikaidi kisichomtaka. Njiani Ash anarusha jiwe, linampiga ndege mkali, na ndege yule anaita kundi zima. Kundi linamshambulia Pikachu mpaka anabaki hoi. Angalieni hapo, akina mama: kosa ni la Ash, lakini anayeumia ni mwingine.

Katika sehemu ya pili mvulana anamfikisha mgonjwa wake mjini, kwenye kituo cha tiba. Muuguzi anamkaripia kwa kumwacha mnyama afikie hali ile, kisha Pikachu analazwa juu ya kitanda cha magurudumu na kuingizwa ndani. Mlango unafungwa, na Ash anabaki nje. Hana la kufanya ila kungoja. Tukatazama watoto sebuleni, hakuna aliyetikisika. Kijana wetu alikuwa amejikumbatia magoti.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani gizani akatuuliza: "Mama, mbona nesi wa katuni anachukua muda mrefu hivyo? Kwenye gemu anaponya saa hiyohiyo."

Hatukuwa na jibu usiku ule. Tangu hapo tumelicheza gemu lenyewe, tumetazama katuni nyingine, na tumesoma tulichoweza kusoma. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Gemu lilikotoka

Gemu ndilo lililotangulia. Lilitolewa Japani tarehe 27 Februari 1996, likiwa na matoleo mawili, Jekundu na la Kijani. Aliyelibuni ni Satoshi Tajiri, ambaye utotoni alipenda sana kukusanya wadudu, kama watoto wetu wanavyokamata kumbikumbi mvua za kwanza zinaponyesha. Alipoona waya unaounganisha vifaa viwili vya Game Boy, aliwaza wadudu wakitambaa juu yake kutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwenzake. Ndipo yakatoka mabadilishano ya vinyama 151. Jina Pokémon ni kifupisho cha maneno yenye maana ya mazimwi ya mfukoni, na hapo mama yule alisema kweli. Lakini hadithi za bibi zetu nazo zimejaa mazimwi, na tulizisikiliza jioni kwa jioni bila kudhurika.

Sasa, ndani ya gemu lile mna hadithi ndogo sana. Mchezaji ni mvulana asiyesema neno. Anatembea, anakamata vinyama, anavipiganisha, na kikishindwa kinazimia. Akifika mji wowote anaingia kituo cha tiba, anaviweka mezani, muziki mfupi unapigwa, na vyote vimepona. Muuguzi hana jina. Malipo hakuna. Foleni hakuna. Tena kule nyumbani yupo mama wa mvulana. Ukirudi kwake anakuambia upumzike, kiwambo kinafifia kidogo, na vinyama vyako vyote ni wazima.

Akina mama, tulipofika hapo tuliweka kifaa chini. "Alale, atapona." Kijana wetu hakuwa na roho mbaya. Alikuwa amejifunza, kwa jioni nyingi mfululizo, kwamba ugonjwa huondoka kwa kulala kidogo, na kwamba akina mama na wauguzi huponya mara moja.

Wala hatumlaumu aliyelitunga. Gemu ni kama bao. Kete zikiliwa hakuna anayeuliza zimeumia wapi. Huo ndio mchezo. Mchezaji akingojeshwa nusu saa mlangoni pa kituo cha tiba, atazima kifaa akalale.

Katuni ilichoongeza

Katuni ilianza kuonyeshwa kwenye televisheni ya Japani tarehe 1 Aprili 1997, mwaka mmoja na kidogo baada ya gemu, chini ya mwongozaji Kunihiko Yuyama. Walioitunga walikuwa na kazi kama ya wale wanaotafsiri filamu za kigeni katika vibanda vya video. Wamepewa picha, na maneno mengine wayatafute wenyewe. Kila wiki walipaswa kujaza dakika ishirini na zaidi kutoka kwenye mchezo ambao shujaa wake ni bubu. Na walipojaza, walijaza hasa mambo yanayotuhusu sisi.

Kwanza, muuguzi alipewa jina, Joy, na akapewa ulimi. Katika kila mji yupo Joy mwingine anayefanana naye, nao ni ndugu wa ukoo mmoja. Watoto huchekeshwa na jambo hilo. Lakini Joy anakaripia, anachoka, anasema ngoja. Mtazamaji asipongoja na mgonjwa hawezi kumhurumia, na waandishi wa katuni walilijua hilo. Kwa hiyo ule muda ambao gemu iliukata, wao waliurudisha.

Pili, mama alipewa sauti. Usiku uleule wa kungoja, Ash anampigia mama yake simu kutoka kituoni. Mama anafurahi kwamba amefika mji ule kwa siku moja, wakati baba yake zamani alitumia siku nne. Mvulana anajibu kinyonge, maana anajua ni kwa nini alikimbia. Baba huyo tunamsikia kwa kutajwa tu. Ni mama aliye upande wa pili wa simu, na wangapi kati yetu wanalea hivyo?

Tatu, katuni iliwapa watu nyumba na mizigo. Katika gemu, Brock ni mpinzani tu anayesimama ukumbini na vinyama vyake viwili vya mawe, ukimshinda unapewa beji na kwenda zako. Katika katuni ni kaka mkubwa anayelea kundi la wadogo zake, anapika na kushona, kwa kuwa baba yao aliondoka nyumbani. Anapata ruhusa ya kwenda safari yake pale tu baba anaporudi na kushika majukumu yake. Msichana Misty naye katika gemu ni mpinzani wa mji mwingine. Katuni inamleta mapema. Ash alichukua baiskeli yake ili amkimbize Pikachu, ikaungua kwa umeme, na Misty anamfuata akidai alipwe. Mchezaji wa gemu hapati deni la namna hiyo.

Nne, na hili lilitutoa machozi, ni habari ya kipepeo. Katika gemu, funza huwa kipepeo upesi, humsaidia mchezaji siku za mwanzo, kisha wachezaji wengi humweka ghalani na kumsahau. Ukitaka kumwachilia, unabonyeza neno moja. Katuni ililichukua neno hilo moja ikatengeneza sehemu nzima. Kipepeo wa Ash anapata mwenzi, wakati wa vipepeo kuvuka bahari unafika, na mvulana anaelewa kwamba kumpenda sasa ni kumwacha aende. Wale ambao binti zetu wameolewa ng'ambo ya ziwa, au wana wetu wamekwenda kutafuta kazi Dar es Salaam, hatukuhitaji kufafanuliwa.

Katuni ilipopungukiwa

Tusiipambe katuni kupita kiasi. Yapo mahali ambapo gemu ilikuwa na moyo na katuni ikaupoteza. Katika gemu upo mnara wa makaburi, na humo kuna habari ya kinyama kidogo kiitwacho Cubone, yatima, ambaye mama yake aliuawa na majambazi. Mchezaji lazima amtulize mama huyo aliyekufa ndipo apite. Ni maneno machache tu kwenye kioo kidogo, lakini ni habari nzito. Katuni ilipofika mnara huo ikaiacha habari hiyo, ikafanya vichekesho vya mizimu.

Tena kupanua jambo kuna hatari zake. Katika Game Boy ya mwanzo umeme wa Pikachu ulikuwa maandishi na mmweko mdogo usio na rangi. Kwenye televisheni lazima umeme uonekane, uwake, upasuke. Jioni ya tarehe 16 Desemba 1997 sehemu moja ya katuni hiyo ilionyesha mwanga mwekundu na wa buluu ukipishana kwa kasi mno. Watoto wapatao 685 nchini Japani walipelekwa hospitali, baadhi yao kwa degedege. Katuni ilisimamishwa kwa miezi minne, ikarudi Aprili 1998, na sehemu ile haikuonyeshwa tena kamwe.

Hapa mturuhusu tuvae sare yetu kidogo. Wapo watu ambao ubongo wao hushtuliwa na mwanga unaomweka kwa kasi, na wengine hawajijui mpaka siku hiyo. Watoto watazame televisheni chumba kikiwa na taa, wakae mbali na kioo, wapumzike. Mtoto akidondoka na kutetemeka, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko mdomoni wala usimkandamize. Ikipita dakika tano hajatulia, mkimbize kwa wataalamu. Na mtoto mwenye kifafa asitengwe na wenzake sebuleni. Mate yake hayaambukizi, na dawa zipo. Kule Mahenge daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya wagonjwa wa kifafa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati ambapo wengi wao walifichwa, wakaungua motoni na kuzama majini. Sisi wa kandokando ya ziwa tunajua hatari hiyo.

Gemu ilipojifunza kwa katuni

Lipo jambo moja lililotupa moyo. Mwaka 1998 wenye gemu walitoa toleo jipya Japani, la Manjano. Katika toleo hili mchezaji hachagui mnyama. Anapewa Pikachu, kama Ash. Pikachu anakataa kuingia ndani ya mpira, anatembea nyuma ya mchezaji, na ukimgeukia anakuonyesha uso wa furaha au wa hasira kulingana na ulivyomtendea. Wale wezi wawili wa katuni, Jessie na James, nao wakaingizwa. Yaani kitu kilichotangulia kilikubali kufundishwa na kilichokuja nyuma.

Hata sisi wazazi tunaweza. Tulikuwa tunadhani kazi ni kuchagua moja: ama kuchoma kile kifaa, ama kumwachia mtoto mpaka macho yamtoke. Kumbe kuna njia ya tatu, nayo ni ile waliyoitumia watunga katuni. Ni kuchukua kile mtoto anachokipenda na kuongeza ndani yake yale yaliyokosekana.

Tunavyofanya nyumbani

Haya ndiyo tunayojaribu sasa, na twaweza kuwashirikisha.

Kwanza, tunakaa naye. Si kila siku, maana kazi za mama hazina mwisho, lakini mara moja kwa wiki tunachambua mchele wetu mbele ya katuni. Huwezi kumuuliza mtoto habari ya kitu ambacho hujakiona.

Pili, tunauliza swali lilelile alilotuuliza yeye. "Kwenye gemu ilikuwaje? Huku wameongeza nini? Kwa nini?" Tumeshangaa jinsi anavyojibu vizuri. Siku moja alituambia, "Kwenye gemu simwoni akiumia, mama. Huku namwona."

Tatu, tulimpeleka zahanati. Si kama mgonjwa. Alikaa na wagonjwa benchini tangu saa mbili asubuhi hadi saa sita. Aliona mama aliyetembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni. Aliona dawa ikipimwa kwa uzito wa mtoto, na akasikia ikielezwa kwamba ni ya siku tatu, wala isiachwe homa ikishuka. Jioni alikuwa amechoka kuliko siku ya kuvuna. Hatukumhubiria. Tulimkumbusha tu Msamaria Mwema wanayefundishwa shule ya Jumapili, kwamba baada ya kufunga majeraha alimpandisha mgonjwa juu ya mnyama wake, akalala naye katika nyumba ya wageni, akalipa, na akaahidi kurudi. Watoto wengi hukumbuka majeraha na kusahau usiku ule na malipo yale.

Ash alibaki na miaka kumi kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Hadithi yake ilihitimishwa Machi 2023, na Pikachu akiwa bado pamoja naye. Wana wetu hawabaki na miaka kumi. Yale wanayoyashika sasa kuhusu maumivu ya mwenzao watakwenda nayo kwenye ndoa zao.

Mwezi uliopita binti yetu alipata homa tena, nasi tulikuwa zamu. Tulisikia miguu ikikimbia kwenye changarawe, tukatoka nje. Kaka yake alikuwa amembeba mgongoni kwa kanga yetu, amefunga vibaya, jasho linamtoka. Tukampokea mtoto. Tukamwambia, "Ahsante, mwanangu. Sasa nenda ukacheze, tutakuita." Alikataa. Alikaa kwenye lile benchi la nje mpaka tulipomtoa mdogo wake, na kifaa chake alikuwa amekiacha nyumbani.

Mama msomaji, watoto wako wanatazama nini? Kaa nao mara moja kabla hatujaonana tena, kisha utuandikie ulichokiona. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutarudi kwenye uji wa mtoto na namna ya kuutia nguvu kwa usipa na karanga. Tunawatakia nyumba zenye amani.